Amahoro ya Mdomoni

Melchior wa Gisozi ana kazi mbili, na ya pili ndiyo iliyompa jina. Siku za kawaida ni fundi wa vitanda pale Agakiriro, kwenye zile karakana ambazo mashine zake hupiga kelele mpaka wanunuzi wanapatana bei kwa vidole. Jumamosi huvaa koti, akafunga shuka ya sherehe begani, akachukua fimbo, akaenda kuwa msemaji wa watu.

Asiyejua shughuli za Kigali aelezwe. Kabla ya harusi, watu wa mvulana huja kumwomba msichana, na shughuli hiyo huitwa gusaba. Baba wa msichana hafungui mdomo. Anayesema ni mtu aliyechaguliwa na ukoo, na kazi yake ni kukataa. Atasema huyo msichana hawamjui, ameingia utawa, ameolewa Kanada. Msemaji wa upande wa pili atambembeleza, atamchokoza, watarushiana mafumbo mpaka wageni washike mbavu, na mwishowe msichana atatolewa kama ilivyojulikana tangu asubuhi. Ni uongo wa heshima, na katika uongo huo Melchior hakuwa na mwenzake kuanzia Gisozi mpaka Kabeza. Alilelewa Buyenzi kule Bujumbura, mahali ambapo mtoto hujifunza kujibu kabla hajajifunza kutembea.

Kisha mdogo wake, Aimable, akafa kwa ugonjwa wa figo. Melchior alimzika, akapokea wageni, akamshukuru kila aliyekuja. Miezi ilipopita ndipo akaanza kulia. Alilia akipiga randa, alilia akipaka vanishi, alilia mbele ya sahani ya maharage. Spéciose, mkewe, alipomuuliza analilia nini, alimtazama tu. Hakujua. Angesema anamlilia ndugu yake, wangemwelewa wote, lakini alipojipekua hakumwona Aimable wala mtu mwingine, aliona giza tupu. Wanyarwanda husema machozi ya mwanamume hutiririka kwenda ndani. Ya Melchior yalikwenda ndani yakakuta pamejaa. Baadaye hata kitandani hakutoka, fundi wa vitanda akawa mfungwa wa kitanda, na aliyemlisha uji kwa kumgombeza kijiko baada ya kijiko ni Ingrid, binti wa Aimable, yatima aliyehamia nyumbani kwao Batsinda, jirani na Gisozi, baada ya msiba.

Spéciose alimpeleka kituo cha afya. Daktari akamwandikia vidonge vya huzuni, na sitaki mtu avitukane vidonge vile mbele yangu. Vilimwinua. Vilimrudisha kwenye randa yake, vikamrudishia usingizi na njaa. Ila kulikuwa na jambo moja. Machozi yalikatika, na kicheko nacho kikapungua. Alipokwenda kwenye gusaba ya kwanza baada ya kupona, maneno yote aliyakumbuka, lakini hayakuwa na chumvi. Watu walimpigia makofi ya adabu, yale ambayo msemaji huyatambua kabla hajakaa. Aliitundika fimbo nyuma ya mlango.

Basi Ingrid akapata mchumba. Jioni moja akaja kuketi karibu na Melchior, akasema, "Baba mkubwa, atakayenisemea ni wewe. Nikimsikia mtu mwingine ananikatalia, nitaona ananikatalia kweli."

Angesema nini? Alikubali. Na hapo hapo hofu ikamwingia, kwamba siku ya mtoto wa Aimable atasimama mbele ya koo mbili na ulimi wa ubao. Akaona dawa ni moja, nayo ni kuacha dawa.

Daktari hakukataa. Alisema Melchior amekaa vizuri muda mrefu, anaweza kujaribu, mradi asiache ghafla. Wa kumfuatilia alikuwa muuguzi Uwizeye, mwanamke wa maneno machache aliyekulia Karagwe upande wa Tanzania.

"Mzee Melchior," alimwambia, "mwili wako umezoea hii dawa. Ukiinyang'anya kwa ghafla, utakusumbua. Tutapunguza kidogo, tutulie, tuangalie, ndipo tupunguze tena. Kazi yako ni moja tu, kuniambia ukweli."

Ndiyo kazi iliyomshinda.

Maana kwetu hapa mtu akikuuliza hali, jibu ni moja, ni amahoro, yaani ni amani. Jino linauma, ni amahoro. Mvua imeezua bati, ni amahoro. Ni salamu na ni malezi, kwamba mtu mzima hammwagii mwenzake matope ya nyumbani kwake. Wengine huitoa kwa mazoea tu. Melchior, aliyeishi kwa kusema yasiyokuwepo, aliitoa kwa ufundi.

"Usingizi?" Uwizeye aliuliza walipokutana tena.

"Ni amahoro."

"Kizunguzungu?"

"Amahoro."

"Hofu? Hasira za bure?"

"Amahoro masa," akajibu kwa tabasamu, yaani amani tupu. Muuguzi akafurahi. Akashauriana na daktari, wakampunguzia tena.

Amani yenyewe ilikuwa hivi. Akigeuza macho upesi, kitu kilimpiga shoti ndani ya kichwa, kama waya uliochubuka umegusa maji. Usingizi wake ulijaa ndoto za rangi kali zilizomwamsha amelowa jasho. Alimfokea Spéciose kwa sababu ya chumvi, kisha akaomba radhi, kisha akamfokea kwa kuipokea ile radhi. Roho ilikaa juujuu kutwa. Na juu ya yote kulikuwa na swali alilolibeba kila mahali. Hii ni dawa inayotoka, au ni ule ugonjwa unaorudi? Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga sakafu, alijichungulia ndani kwa woga. Akikuta uchovu, alisema umerudi. Akikuta wasiwasi, alisema umerudi. Siku akikuta hakuna kitu, alisema umejificha.

Kwa nini asiseme? Kwa sababu angesema, Uwizeye angesimamisha kila kitu, na gusaba ilikuwa inakaribia. Alijikaza kisabuni. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua, na cha Melchior kilikuja na msumeno.

Alikuwa anakata mbao za kitanda cha Ingrid mwenyewe, zawadi yake kwa maharusi. Mashine inaunguruma, ubao unasogea, mtu akamwita kutoka mlangoni. Melchior akageuza macho. Shoti ikampiga, na kwa kufumba na kufumbua hakujua mkono wake uko wapi. Alipouona, msumeno ulikuwa umekwisha kupasua mkono wa shati na kukwaruza ngozi. Damu ilikuwa kidogo tu. Alizima mashine akaketi juu ya rundo la mbao, akakunja na kukunjua vidole.

Jioni nyumbani, Spéciose aliliona shati kabla mumewe hajaketi.

"Iko nini hiyo?"

"Shati limeshika msumari. Ni amahoro."

Spéciose aliweka sufuria chini. Ni mwanamke mpole, watu wa Batsinda watakuambia, lakini siku hiyo alipandwa na mori.

"Amahoro gani? We Melchior, amahoro gani iko humu ndani? Unapiga makelele kwa usingizi, unaniuma kama mbwa, unarudi na damu, amahoro! Nilikaa na wewe kwa ile giza yote. Nilikuosha kama mtoto. Sasa unanificha mimi? Unaniogopa mimi?"

"Nataka nimsemee Ingrid," alisema Melchior, na sauti ikamtoka nyembamba. "Nimsemee mara moja tu na ulimi wangu."

"Ukisha kukata mkono utamsemea na nini? Kesho tunaenda kwa ule muuguzi, na mimi nitakaa hapo hapo nasikia."

Wakaenda. Uwizeye akauliza kama desturi, ni amahoro? Na mdomo wa Melchior, amini usiamini, ukaanza kuitikia peke yake. Alifika nusu ya neno akamwona Spéciose anavyomtazama.

"Hapana," alisema. "Si amahoro."

Na kwa kuwa ni Melchior, alipoanza hakunyamaza. Alisema shoti, ndoto, jasho, chumvi, msumeno. Uwizeye alisikiliza mpaka mwisho, na usidhani hakukasirika.

"Mzee, nilikupunguzia kwa maneno yako. Kumbe nilikuwa namtibu mtu mwingine kabisa."

Melchior akainamisha kichwa. "Nisamehe. Ni ule ugonjwa umerudi?"

"Bado sijui, na wewe pia hujui. Hizo shoti mara nyingi ni dawa inayotoka mbio. Daktari atakurudisha kwenye kiasi cha nyuma, tuupe mwili nafasi, kisha tushuke polepole zaidi. Lakini ule uzito wa zamani, ule wa kulia usijue unalilia nini, ukiuona usingoje siku ya miadi. Njoo."

"Na gusaba?"

"Utakwenda na kidonge chako tumboni. Si mwiko."

Shoti zilipungua, kisha zikaacha. Hofu haikuacha. Alifanya mazoezi karakanani, akizikatalia mbao zilizoegemea ukuta, na hakuna neno lililomchekesha hata mwenyewe. Siku chache kabla ya shughuli alimwita Ingrid akamwambia ukweli wote, pamoja na vidonge, akamwomba amtafute msemaji mwingine.

Ingrid akatikisa kichwa. "Ukikosa maneno, kataa tu. Sema hapana. Hiyo moja unaiweza."

Jumamosi ikafika. Mahema mawili yalitazamana, la wenyeji na la wageni. Ingrid alikuwa amefichwa ndani, kama desturi, akingoja kuitwa. Kiti cha baba wa msichana kiliachwa wazi mbele, kimefunikwa kitambaa cheupe, na Melchior alikaa pembeni yake. Alijichungulia tena. Hakuona utani hata mmoja.

Upande wa pili alisimama Gakwaya, mfanyabiashara wa Kabeza, mrefu, mwenye sauti ya kujaza uwanja. Maneno ya gusaba ni ya Kinyarwanda. Nayatoa kwa Kiswahili, na utamu fulani umebaki njiani.

"Wenye nyumba," alisema Gakwaya, "tumefika. Kabla ya yote tuambieni, hapa kwenu ni amahoro?"

Kila mtu alijua jibu, hata watoto. Melchior alisimama na fimbo yake, akafungua mdomo, na lile neno alilolitoa maisha yake yote likakataa kutoka.

"Si amahoro," alisema.

Gakwaya alitabasamu, akidhani ni fumbo jipya. Spéciose alishika kingo za kiti chake.

"Si amahoro, Gakwaya. Umekuja kuomba kwa watu waliokwisha kunyang'anywa. Mwenye kiti hiki ni mdogo wangu. Nilimzika nikawaambia watu ni amahoro. Nikaugua, nikalala nikikodolea dari macho, nikawaambia ni amahoro. Juzi nusura niuache mkono wangu kwenye msumeno, nikamwambia mke wangu ni amahoro. Aliyeniinua ni huyo huyo unayemtaka. Alinilisha uji kwa matusi. Sasa unakuja hapa na mahari ya ng'ombe wa maneno tu na makreti ya soda, nikupe yeye. Je, nani atanigombeza? Wewe? Hebu geuka tukuone. Huyu ana sura ya mtu anayejua kukoroga uji?"

Kicheko kilianzia kwa akina mama wa nyuma, kikavuka uwanja, kikampata Gakwaya mwenyewe, akavua miwani kuifuta. Wengine walicheka huku wakijifuta macho. Na Melchior aliyesubiri kicheko kile muda wote huo hakukifaidi, kwa sababu yeye alikuwa analia. Machozi yalishuka mpaka kwenye kola, kisha mabega yakaanza kutikisika, na wageni wakapiga vigelegele wakiamini mzee anaigiza. "Ulimi umerudi!" mmoja akasema.

Melchior hakuwa anaigiza. Alijaribu kuacha, ikashindikana, na hofu ikampanda kutoka miguuni. Ndiyo haya, alijiambia. Yale yale ya randa na vanishi. Umerudi mbele ya watu wote.

Spéciose alikuwa amekwisha kumfikia. Alimshika mkono mbele ya wageni, akawaambia mzee anakwenda kushauriana na ukoo, jambo ambalo desturi inaruhusu, akampitisha nyuma ya hema palipokuwa na masufuria na kreti tupu. Alimgeuza wakatazamana. Uso wake ulikuwa umepauka, na Melchior akaona kwamba naye anaogopa, pengine kumzidi.

"Unalilia nini?" aliuliza.

Lilikuwa swali lile lile la enzi za giza. Melchior alijichungulia ndani, kwa mara ya mwisho siku ile, akiogopa atakayoyakuta kuliko alivyouogopa msumeno.

"Aimable," alisema. "Angekaa pale mbele, Spéciose. Angecheka kuliko wote. Na Ingrid anaenda. Anaenda kweli."

Spéciose alishusha pumzi aliyoibana tangu kule hemani. Alivuta ncha ya mshanana wake, ile shuka ya sherehe ya begani, akampangusa pua kama mtoto.

"Basi lia," alimwambia. "Gakwaya atangoja."