Kitabu cha Punda Nilichomsomea Nyanya

Mwezi uliopita nilipita Naitiri nikienda mazishi, nikakuta shamba la babu limegawanywa vipande, na pale palipokuwa na zizi pamejengwa duka la mbolea. Nilisimama kando ya barabara nikijaribu kukumbuka mlango wa jikoni kwa nyanya ulielekea wapi. Nilishindwa. Lakini sauti yake ilinijia, rafiki yangu, pamoja na kitabu tulichokisoma mimi na yeye.

Nilikuwa darasa la sita, miaka ya themanini. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliniazima riwaya iliyong'oka jalada, inayosimuliwa na punda. Ndiyo, punda mwenyewe ndiye anayesema: alivyozaliwa, alivyobebeshwa maji, anavyowajua watu kwa harufu ya mikono yao. Nyanya hakuwahi kuingia darasani. Nikitoka shule tulikaa kwenye gunia nje ya jikoni, yeye akipukuchua mahindi, mimi nikisoma. Sehemu yangu ya mahindi aliifanya yeye.

"Ati punda amesema hivyo?" aliuliza, huku akicheka mpaka punje zinamwagika mapajani. Punda akipigwa, nyanya aliwatukana wale watu kwa Kibukusu. Mara nyingine alinirudisha nyuma: "Hebu soma tena pale alipopata maji."

Siku moja nilimkuta zizini, amempa maksai wetu mzee kiganja anuse. Maksai yule mwekundu alikuwa amevuta plau ya babu tangu sijazaliwa. Sasa miguu ilimtetemeka hata akisimama tu.

Agosti ile kaka yangu alikuwa anatahiriwa. Babu akasema maksai mzee ndiye atakayechinjiwa wageni. Nyanya hakuwa mtu wa kumpinga babu, lakini jioni hiyo alimpinga mbele yetu sote.

"Mzee, huyu ametulimia miaka yote. Si umwache tu azeeke?"

"Azeeke nani? Ng'ombe?" Babu alinitazama, akatazama kitabu mikononi mwangu. "Hii kitabu ya mtoto imekuharibu kichwa. Wageni nitawapa nini? Wale wengine nikichinja, nitalima na nani?"

Nyanya aliinuka akarudi jikoni. Wala babu hakuwa mkatili, nisimsingizie. Asubuhi ya kuchinja nilimwona ameshika kamba langoni mwa zizi, amesimama tu, mpaka vijana wakaja kumwita.

Watu waliimba, busaa ikanywewa, vumbi likatimka hadi njiani. Nyanya ndiye aliyewapikia wageni na kuwagawia nyama kwa mkono wake. Yeye alikula ugali kwa mboga ya mrenda, nyuma ya jiko. Mimi nilikula nyama. Ilikuwa ngumu, ya mnyama mzee, lakini ni mara ngapi tulikula nyama? Nilirudi na sahani nikaomba kuongezwa. Alinitazama kidogo, akaniongeza.

Wiki iliyofuata aliniita tumalize kitabu. Nilisoma hadi mwisho, pale punda amezeeka na kuachiwa malishoni, hakuna anayemdai kazi. Nilidhani atafurahi. Hakucheka wala kutukana mtu. Hakuuliza hata swali moja. Nilipofunga kitabu aliendelea kupukuchua, punje zikidondoka kwenye ungo.

"Mrudishie mwalimu," akasema. "Mwambie asante."

Baadaye nilimletea kitabu kingine, hadithi ya watu wa kawaida. Akaniambia masikio yake yamechoka, nijisomee tu. Sikumwuliza zaidi. Nilikuwa nimeelewa, na niliona haya.

Alifariki miaka ya tisini nikiwa chuoni, mbali na nyumbani. Habari ilinifikia amekwisha kuzikwa. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo, vingine vizuri kuliko kile cha punda. Ninavisoma peke yangu, kimyakimya, ukurasa kwa ukurasa, na hakuna mtu wa kunikatiza.