Gari la Viti Viwili

Vijana wa bodaboda pale Kilosa mjini hadi leo wananiuliza lile gari lilikuwa bei gani. Wanauliza kwa adabu, shikamoo kwanza, swali baadaye. Huwa nawajibu kwamba bei ya kununua ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote, nao hucheka wakidhani ni maringo ya mtu aliyewahi kuwa nazo. Si maringo. Nina hasira na lile gari mpaka leo, na hasira kubwa zaidi ninayo na nafsi yangu.

Mimi ni mnunuzi wa mazao: ufuta, mbaazi, mahindi kidogo. Mwaka mmoja ufuta ulipanda bei nikiwa nimejaza stoo, nikapata fedha nisizozizoea. Mtu mmoja wa Dar es Salaam alikuwa anauza gari la mbio la Kiitaliano, limetumika, rangi ya chungwa, viti viwili tu, limelala chini kiasi kwamba mtoto wa darasa la kwanza aliliona paa lake. Magari ya namna ile nilikuwa nikiyachora nyuma ya daftari la hesabu tangu nikiwa shuleni. Nikajumlisha, nikaona fedha zinatosha kasoro kidogo. Ile kasoro niliijaza kwa kuuza pikapu yangu, ambayo ndiyo ilikuwa inapanda mlimani hadi Vidunda kwa wakwe zangu na kushuka na maharage. Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliuliza swali moja tu.

"Na mlimani tutakwenda na nini?"

Nikamwambia tutaona.

Nyumbani Mabwerebwere gari lilipewa stoo, magunia yakahamia uani chini ya turubai. Mvua ya kwanza ilizilowesha mbaazi. Matairi mawili ya nyuma yalinila bei ya ng'ombe watatu, na yalikwisha kabla ya mwaka. Fundi wake alitoka Dar kwa treni na kompyuta yake begani, akalala gesti kwa fedha yangu, kisha akaniambia kile kifaa kinachonyanyua pua ya gari kwenye matuta kimekufa, na kipya kinaagizwa Ulaya. Nikasema tutaona. Kwenye kamati za harusi nilikuta nimeshaandikiwa ahadi kabla sijakalia kiti. Nikilalamika, wanaangua kicheko: "Mwenye chuma kile atashindwa na laki tano?" Nilikuwa natoa huku natabasamu, na njiani kurudi nyumbani natukana peke yangu.

Na kuliuza sikuweza. Hapa ndipo watu wengi hawanielewi. Mazao nilikuwa nachukua kwa mali kauli: mkulima ananipa magunia leo, namlipa nikishauza. Anachonipa hasa ni imani. Siku ambayo ningeonekana nimeliuza gari, mji mzima ungesema mzee kafulia, na kila mwenye gunia kwangu angekuja kugonga geti. Mwaka uliofuata nilipoliuza ndivyo ilivyokuwa. Niliwalipa wote, na msimu ule sikununua hata debe moja. Kwa hiyo gari lililokuwa linaitafuna biashara yangu ndilo hilo hilo lililoishikilia isianguke. Nilikuwa nimenasa, na nilijua kwamba mtego nimeutega mwenyewe.

Ndipo macho ya mama mkwe yakaziba. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Alikuwa mkulima wa milimani, Mwanglikana aliyesomeshwa na misheni, na kila asubuhi alikuwa akisoma Biblia yake kabla ya kushika jembe. Sasa aliishika tu. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Morogoro kwa wiki moja, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kupokewa siku ya Jumatano: afike kabla ya saa sita mchana, asipofika nafasi anapewa mwingine, na hakuna aliyejua watarudi lini. Mke wangu alikuwa anasimamia mitihani mpaka jioni ya siku hiyo. Angefuata kwa treni.

"Wewe una gari," alisema.

Mama alishushwa kutoka Vidunda kwa bodaboda siku moja kabla, akalala kwa ndugu yake Mikumi. Ukweli ni kwamba angeweza kupandishwa basi pale pale Mikumi na mtu wa kumsindikiza, akafika mapema kuliko wote. Lakini mwenye gari kama lile ampandishe mkwewe basi, watu wangesema nini? Nikasema nitamfuata mwenyewe. Kutoka Kilosa kuna njia ya moja kwa moja kwenda Mikumi, ila kwa mawe na mashimo yaliyokuwepo wakati ule gari langu lingeacha tumbo huko. Nikazunguka Dumila. Saa kumi na mbili asubuhi nilipita Morogoro, mji wenye hospitali yenyewe, nikaendelea hadi Mikumi kumchukua mgonjwa ili nimrudishe nilikotoka.

Kwa kina mke wangu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai bega kwa bega. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, na neno zito hupitia kwa mke. Kwa miaka kumi na moja tulikuwa tukisalimiana kwa mbali. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Ndani ya pikapu mke wangu alikaa katikati na mambo yakaenda. Aliyelibuni gari la mbio hakuwa na wakwe Vidunda, kwa hiyo hakuweka katikati.

Kiti chenyewe kilikuwa karibu kugusa ardhi. Mama mkwe alikipapasa kwa mguu, akakikosa, nami nimesimama mikono nyuma. Ndugu yake ndiye aliyemshika kiunoni akamshusha taratibu. Akajifunika khanga mpaka mashavuni, akageukia dirishani. Kila gari lilipoyumba bega lake lilinigusa, na kila lilipogusa alijikunyata zaidi. Nilisema, "Samahani, mama."

Asubuhi nilikuwa nimeyapita matuta ya hifadhi ya wanyama ya Mikumi, ambayo barabara kuu inaikata katikati, kwa ubavu, peke yangu, gari jepesi. Sasa tulikuwa wawili. Tuta la tatu lilikwaruza. La nne lilitoa mlio wa chuma kupasuka, taa nyekundu zikawaka, na kwenye kioo cha pembeni nikaona mafuta ya injini yanachora mstari kwenye lami. Injini ikazima. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Ndani ya hifadhi hushuki garini ovyo. Upande wa kulia nyati walikuwa wanakula, hawana habari na sisi. Kiyoyozi kilikufa pamoja na injini, vioo vikagoma katikati, joto likaanza kupanda. Zaidi ya saa nzima tulikaa bega kwa bega, watu wawili ambao hatukupaswa kukaribiana, na sikuwa na pa kwenda wala pa kutazama. Magari yalipunguza mwendo, abiria wakatoa simu madirishani watupige picha. Mama mkwe akaanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nahesabu bei ya chuma kilichopasuka. Nasema ukweli wangu: mtu anazidi kuwa kipofu pembeni yangu, saa zinakwenda, nami nahesabu bei ya chuma.

Askari wa hifadhi walitukuta pale, wakasimamisha basi lililokuwa linatoka Iringa. Konda akaruka chini.

"Bosi, chuma imezingua? Pandeni fasta, siti mbili zipo."

"Gari la kuvuta litachukua muda," askari mmoja alisema. "Nenda na mama, mzee. Hili tutaliangalia sisi. Haliliwi na simba."

Nilitazama basi, nikatazama gari. Kichwani niliwaona watu wa kuvuta wakifunga mnyororo pasipostahili na kung'oa pua nzima. Niliwaona wapita njia wakichomoa taa. Kisha nikausikia mdomo wangu unasema:

"Siwezi kumshika mkono. Ni mama mkwe wangu. Kwao ni mwiko."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana lilikuwa jambo baya. Uongo ningeuonea aibu pale pale. Kumbe nilichotakiwa kufanya ni kupanda tu, nikae siti yangu, nimwongoze kwa maneno hadi mlango wa hospitali. Hakuna mila iliyonikataza hilo. Nilijua nikiwa nasema, na nadhani askari naye alijua, maana alitazama pembeni.

Abiria mmoja, mama mnene aliyekuwa anapeleka vitunguu sokoni, alishuka bila kuombwa. Akamvuta mama mkwe kutoka kwenye kile kiti kwa mikono miwili.

"Na wewe hupandi?" aliniuliza.

"Nasubiri gari la kuvuta."

Akalitazama gari, akanitazama mimi. "Haya," akasema.

Nilimpa huyo mama wa vitunguu nauli na karatasi ya hospitali. Mama mkwe alipanda ngazi za basi akizitafuta kwa unyayo, mkono wake ndani ya mkono wa mtu asiyemjua. Basi likaondoka. Nikarudi kwenye usukani nikafunga mlango, na askari wakaegesha nyuma yangu kwa sababu sasa walikuwa na mtu wa kulinda.

Siku hizi kijana akiniuliza ni lini mtu anaweza kulimudu gari la namna ile, simtajii kipato. Namwambia: siku utakapoweza kuliacha limekufa barabarani ukaenda zako, nunua. Kabla ya siku hiyo wewe ndiye mali yake. Hunitazama kama mzee aliyeanza kuchoka akili, halafu anarudia kuuliza lilikuwa linakimbia kiasi gani.

Gari la kuvuta lilifika jioni. Nilikaa nalo hadi likashushwa kwenye yadi Morogoro, nikahesabu mikwaruzo, nikapiga picha. Hospitali nilikwenda kesho yake mchana.

Mke wangu alikuwa ameshafika. Mama yake alikaa kitandani, jicho la kulia limefunikwa bandeji. Walikuwa wamemfanyia upasuaji asubuhi hiyo. Yule mama wa vitunguu alimfikisha dirisha la mapokezi saa sita haijagonga, akakaa naye kwenye benchi mpaka jina likaitwa, ndipo akarudi stendi kufuatilia mzigo wake. Nilimwamkia mama mkwe kutoka mlangoni. Akaitikia marahaba, sauti ile ile ya siku zote.

"Ulimkabidhi mama yangu kwa nani?" mke wangu aliuliza.

Sikuwa nimemwuliza jina. Namba ya simu sikuchukua, na hata basi sikulisoma ubavuni. Nikaanza habari za mwiko, yeye anasikiliza, na mila ni za kwao, anazijua kuliko mimi. Nilitamani anitukane tu yaishe.

Mama mkwe alisogeza mkono juu ya shuka mpaka akaupata wa binti yake. Alisema na binti, kama desturi inavyotaka, ila kwa sauti ya kunifikia. Haikuwa na kejeli. Kejeli ningeivumilia.

"Mwache mumeo," alisema. "Na yeye alikuwa na mgonjwa wake barabarani."