Babu Saba na Bibi Mmoja

Mimi historia nilikuwa naiogopa kuliko polisi wa uhamiaji. Polisi utamwonyesha viza akaenda zake. Historia utaionyesha nini? Kwa hiyo niliposikia kwamba kule Al Quoz, Dubai, kwenye ghala la fanicha la Mkenya mmoja, watu wazima wa Afrika Mashariki wanakutana kila Ijumaa baada ya swala kusoma historia ya kwao, nilisema moyoni: wasome tu, Mungu awazidishie, mimi nina nguo za kufua.

Lakini aliyenialika hakuwa mtu wa kukataliwa. Alikuwa mama wa mwanamume aliyetaka kunioa.

Miaka ile Ijumaa ilikuwa bado siku ya mapumziko Dubai. Mimi nilikuwa mapokezi katika kampuni ya usafirishaji mizigo pale Freezone ya uwanja wa ndege, na yeye mhasibu wa ofisi ya pili. Mtu mpole, msafi wa nguo na wa maneno, Mzanzibari aliyeletwa Dubai na wazazi wake angali mtoto. Mimi ni wa Mombasa, nilikuwa nimeshaolewa na kuachwa, na kwetu watu walikuwa wameacha hata kuniuliza habari za ndoa, wananiuliza tu kama nina afya. Nasema wazi, nilimpenda. Na nilikuwa nimechoka kurudi kwenye chumba ambacho sauti ya kwanza ni ya friji.

Siku ya kwanza aliponipeleka kwao, Jumeirah Village Circle, mama yake aliniuliza jina, la baba, la babu, kisha ukoo. Nikautaja. Yule mama akapiga makofi akaruka kwenye kochi.

"Alaa! Kumbe wewe ni wetu! Wewe damu yetu, mwanangu!" Akanikumbatia mpaka udi wa nguo zake ukanipalia.

Mimi nikatabasamu. Sikusema ndiyo, sikusema siyo.

Mtu wa pwani ameshanielewa. Wa bara nitamweleza. Zamani, mtumwa akiachwa huru, aghalabu alibaki na jina la ukoo la bwana wake, kwa kuwa hakuwa na jingine. Mama yake babu yangu alinunuliwa angali mdogo na nyumba moja kubwa ya Unguja. Binti wa nyumba ile alipoolewa Mombasa, akaja naye kama mtu anavyokuja na sanduku lake. Baadaye akaachwa huru, akazaa, na mtoto akaitwa kwa jina la nyumba. Jina hilo ndilo lililokuwa kwenye pasipoti yangu. Jina nilikuwa nalo kweli. Damu ndiyo sikuwa nayo.

Haya nilielezwa mara moja tu, na shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea wazazi wangu walipofariki. Nilikuwa msichana. Arusini mwanamke mmoja alinitupia jicho akamwambia mwenzake, "Hao si wenyewe, hao ni watu wa nyumbani tu." Shangazi alinishika mkono tukatoka hata biriani hatujaila. Kufika jikoni akaniambia yote kwa sauti ya chini, akamalizia, "Siri ya mtungi aijuaye kata. Ushaijua. Funga mdomo."

Nikaufunga. Maana kwetu mtu akija kuposa huulizwa kufu, yaani je, huyu na yule wanalingana kwa nasaba? Na kwa ukoo kama ule wa mchumba wangu, mwenye jamaa Unguja na Maskati, lingeulizwa tu. Mama mtu alikuwa ameshawaambia jamaa zake wote kwamba amepata mkwe wa damu moja. Siku wakijua, posa imekufa.

Basi aliponiambia, "Njoo Ijumaa tukasome historia, ukae ubavuni mwangu," ningejibu nini? Nikavaa buibui langu zuri, nikaenda na roho mkononi.

Ghala lilikuwa na joto la kuokea mkate. Tulikaa kwenye makochi ya kuuzwa, yamefungwa nailoni, ukijigeuza yanapiga kelele darasa zima linakutazama. Mwalimu alikuwa mzee wa Kitanzania, Mkristo wa kusini huko, mstaafu wa shule ya sekondari, amekuja kukaa na bintiye aliyekuwa nesi. Alichoka kutazama televisheni, akaanzisha darasa. Wanafunzi walikuwa madereva, yaya, mafundi, wafanyabiashara, na bi mkubwa wangu, mama wa mchumba wangu, na mkoba wake wa ngozi.

Na alifundisha, wallahi! Misafara, karafuu, ngome, reli. Miezi ile ya mwanzo nilianza hata kuifurahia. Kila alipokaribia neno utumwa, mimi nilikuwa nainama kutafuta kitu mkobani. Akishalipita, nainuka.

Kisha siku moja akaja na furaha zake. Akachukua karatasi kubwa za kahawia, zile za kufungia fanicha, akatugawia kila mtu kipande.

"Kazi ya nyumbani," akasema. "Kila mmoja ataniletea ukoo wake. Tena babu peke yao sitaki, najua mtanihesabia babu saba kama kasuku. Nataka na bibi mmoja, wa zamani kuliko wote mnaowajua. Na mnieleze kitu kimoja anachokumbukwa nacho."

Watu wa bara wakacheka, wakaanza kubishana nani ana bibi mkali zaidi. Sisi wa pwani tukanyamaza. Masikini mwalimu hakujua. Kwao kumuuliza mtu bibi yake ni kumkaribisha. Kwetu ni kumvua nguo.

"Mbona wengine mmepoa? Mficha uchi hazai!" akatutania.

Nilikunja karatasi ile nikaitia mkobani, na njia nzima kwenye teksi bi mkubwa aliongea peke yake.

Wiki ile sikula. Bosi wangu, sir mmoja wa Kihindi, aliniuliza kama ni malaria. Nilifikiria kusema nina safari. Nilifikiria kubuni bibi. Lakini ningembuni vipi mbele ya mwanamke aliyejua ukoo ule nyumba kwa nyumba? Katikati ya wiki akanipigia mwenyewe: "Njoo kwangu na karatasi yako, nikusaidie."

Nilipofika, yake ilikuwa imetandazwa juu ya meza ya kulia, mistari myekundu na myeusi, babu mpaka babu. Mchumba wangu alikuwa kwenye kochi anatazama mpira, sauti chini. Bi mkubwa alimimina kahawa, akakaa, akasema kama anayetaja bei ya samaki:

"Nimempigia shangazi yangu Unguja. Ana miaka mingi yule lakini akili ipo. Nimempata bibi yako."

Nilihisi baridi ya kiyoyozi mpaka kwenye meno. Kikombe nilikirudisha mezani kwa mikono miwili.

"Usiogope," akasema. "Mimi nakupenda, mwanangu. Mwanangu anakupenda. Tutaliacha jambo la kale lituharibie?" Akachukua kalamu, akachora mstari kutoka kwa babu yake mkubwa, akashuka nao, akaandika jina la yule bibi. Jina la ua linalonukia, kama waliyopewa watumwa wengi wa kike. "Hapa. Binti wa babu mkubwa, akaolewa na binamu yake Mombasa. Nani atabisha? Waliojua wameshakufa, na huyu shangazi nimemwomba anyamaze. Ukiulizwa anakumbukwa kwa nini, sema alihifadhi Kurani. Khalas, yameisha."

Jamani, nilimbusu mkono. Nisijifanye shujaa: nilimbusu mkono na machozi yakanitoka, nikashukuru kama mtu aliyetolewa kisimani. Ile hofu ya miaka yote, mtu ameiondoa kwa mstari mmoja wa kalamu!

Mchumba wangu alinisindikiza mpaka kwenye lifti. Nikamuuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia. Mama ameshamaliza, wewe usijitie presha." Akabonyeza kitufe. "Yalla, nenda kanakili karatasi vizuri."

Ndani ya lifti ndipo hofu ya pili ilinikamata, na hiyo sikuijua jina. Nikawa najiambia, pumbavu wewe, unaogopa nini tena? Nilinakili karatasi kama nilivyoambiwa, ule mstari wa bi mkubwa ukaenda upande.

Ijumaa ikafika. Bi mkubwa alisimama kabla yangu. Alisoma babu zake vizuri, sauti yake tamu, darasa likatulia. Kisha akafika kwa yule babu mkubwa.

"Huyu alikuwa mtu mwema sana," akasema. "Nyumba yake ilijaa watu. Alikuwa akilisha watu wengi mno, kila siku, bure."

Mimi nina ulimi mbaya, najijua. Nikasema ndani kwa ndani: bure? Na nani aliyekuwa anapika? Nani alisomba maji? Nikaona haya kwa kufikiria hivyo juu ya mtu aliyenitendea wema, nikainama. Lakini lile neno "bure" lilikataa kushuka kooni.

Mwalimu akaniita. Nailoni ya kochi ikapiga kelele nilipoinuka. Nikafungua karatasi. Baba yangu, babu yangu. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, mtu wa nyuma akasema hasikii. Nikafika kwenye jina la ua.

"Na huyu?" mwalimu akauliza. "Binti wa nani?"

Niliinua macho. Nilimwona mchumba wangu, alikuja siku ile kutuchukua, amesimama mlangoni na funguo za gari kidoleni. Nilijua kabisa nitakachopoteza, na nilikitaka. Wallahi nilikitaka.

"Binti wa babu mkubwa," bi mkubwa akaninong'oneza kutoka kwenye kochi, kwa upole, kama anayemkumbusha mtoto wa madrasa aliyesahau aya. Akarudia, safari hii kwa sauti: "Sema, mwanangu. Sema binti wa babu mkubwa."

Sema! Mtu mzima mimi, ninaambiwa sema! Hasira ilinipanda na hofu iko palepale, haikuondoka hata chembe.

"Hapana," nikasema. "Huyu hakuwa binti wa mtu yeyote katika karatasi ile. Alinunuliwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapikia hao waliokuwa wakila bure."

Mwalimu alivua miwani, nadhani hapo ndipo alipojua alichotuagiza. Bi mkubwa alikunja karatasi yake polepole, akaitia mkobani, akaufunga zipu. Hakunitukana. Aliponipita alisema tu, "Nilikuwa nimeshakustiri," na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mwanawe alimfungulia mlango. Nilimngoja ageuke. Akatoka.

Mwalimu akanong'ona, "Anakumbukwa kwa kitu gani, mama?"

"Sijui," nikasema. Na kweli sikujua. Nikakaa.

Simu haikulia jioni ile. Haikulia kesho yake. Ofisini mchumba wangu akaanza kupita kwa mlango wa nyuma. Posa haikuvunjwa kwa maneno, iliachwa ikafa yenyewe, na mimi nililia chooni pale Freezone huku nimefungua bomba wenzangu wasisikie.

Nilipopata nguvu nilimpigia shangazi Mombasa. Niliogopa kuliko darasani, maana nilikuwa nimevunja amri yake. Nikamweleza yote, bila kupumua.

"Ulilitaja jina lake?" akauliza.

"Nililitaja."

"Mbele ya watu? Mbele ya wao wenyewe?"

"Mbele yao, shangazi. Nisamehe."

"Mwehu wewe!" akafoka. "Mwehu! Na mume je? Nani atakuoa sasa?" Akanigombeza mpaka akakohoa. Kisha kimya. Nikadhani kadi ya simu imekwisha.

"Shangazi?"

"Nililala naye kitanda kimoja nilipokuwa mdogo," akasema. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, sijawahi kuisikia. "Mimi na yeye. Nikamuuliza siku moja, bibi, mama yako nani? Akasema hajui. Jina hajui, kijiji hajui, uso hakumbuki. Alikumbuka mgongo tu. Alikuwa akibebwa. Akaniambia ulikuwa mgongo wa joto, na kwamba alikuwa amelala juu yake siku walipokuja."

Niliibana simu sikioni.

"Sijamwambia mtu," shangazi akasema. "Hata baba yako. Wewe si unasoma huko? Basi kaandike."

Ijumaa iliyofuata nilirudi Al Quoz. Niliogopa kila hatua, kutoka kwenye teksi mpaka mlangoni. Kochi la bi mkubwa lilikuwa tupu. Nilimwomba mwalimu kalamu, nikatandaza karatasi yangu ya kahawia sakafuni, nikafuta mstari ule uliokwenda upande. Kisha juu ya jina la ua, mahali pa mama yake, nikaandika: mgongo wa joto.