Viatu Kabla ya Uso

Filamu ikiungua inanuka kama kwato la ng'ombe lililochomwa halafu likamwagiwa siki, na mimi utoto wangu mzuri wote niliukula ndani ya harufu hiyo. Baba yangu alikuwa mwendesha mashine ya sinema pale mtaani Bwaise. Watu walimwita Fundi, hata mama alimwita Fundi. Chumba chake kilikuwa juu, nyuma ya ukumbi, unakipanda kwa ngazi ya chuma iliyowekwa nje. Ndani kulikuwa na joto la kuivisha mkate, mashine moja kubwa inayolia tak-tak-tak kama cherehani, taa inayowaka kwa vijiti viwili vya makaa, na kidirisha cha ukubwa wa sahani cha kuangalia chini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na darasa la sita nilishalifanya mara mbili. Mwalimu alimwambia mama kichwa changu ni kizuri sana kwa kubebea ndizi. Kwa hiyo haya ya sinema ninayoyasema hapa sikuyasoma popote. Niliyaona kwenye ile sahani.

Ilikuwa miaka ya wanajeshi. Tajiri mwenye ukumbi alikuwa Mhindi, akaambiwa aondoke na wenzake wote, akaondoka na mikebe yake ya filamu, ila mmoja aliusahau kwa sababu filamu yake ilikuwa bado imefungwa kwenye mashine. Ukumbi akapewa kapteni mmoja ambaye sidhani kama aliwahi hata kukaa kwenye kiti chake. Basi kuna msimu mzima wa mvua ambapo picha mpya zilikuwa haziji, mpaka umefungwa au pesa za nje hakuna, mimi sikuelewa na watu wakubwa nao walikuwa wanaelewa kwa kunong'ona tu. Tukabaki na ule mkebe mmoja. Ulikuwa mkebe wa kwanza wa picha ya kutisha, dakika kama ishirini hivi, na kipande cha jina kilikuwa kimeshaungua. Kila Jumamosi na Jumapili mchana baba aliuonyesha, na watu walikuja. Mtaani sukari hamna, sabuni hamna. Wangeenda wapi?

Picha ilianza na giza. Giza kabisa, na tone la maji. Tone. Kimya. Tone. Watu walioingia wakiongea walijikuta wameacha kuongea bila kuambiwa. Halafu unaona ngazi kutoka juu, ndefu, tupu, inazunguka kama utumbo. Kamera inakaa pale muda mrefu mpaka unaanza kuikasirikia. Halafu, kabla hujaona mtu, unasikia kiatu. Ko. Ko. Baba alinionyesha siri yake hapo: tunasikia kwanza, tunaona baadaye, na katikati ya kusikia na kuona ndipo roho inapanda kooni. Halafu viatu vyenyewe, viatu tu, vya soli ndefu, vinashuka. Chini yake kinaanza kinanda kinachovutwa polepole, kama mbu mwenye sauti nzito. Kamera inaenda kwenye kitasa cha mlango, karibu mpaka kitasa kinajaza pazia zima la picha. Ndani mwanamke anachana nywele, ametugeuzia mgongo. Kitasa kinazunguka. Mwanamke anasimamisha kitana. Anaanza kugeuka, na filamu imeisha. Mwanga mweupe unatupiga usoni, watu wanaguna kama wameporwa.

Mwisho wake sijaujua mpaka leo. Mama Nuru aliyeuza kabalagala mlangoni, zile chapati tamu za ndizi, aliapa kwamba mwenye viatu ni mume wa yule mwanamke, amerudi safari. Wengine walisema ni adui, na stelingi, yule shujaa wa picha, yuko nyuma ya pazia. Watu walibishana kuanzia mlangoni mpaka barabara ya Bombo, na wiki inayofuata walirudi kuangalia kana kwamba safari hii yule mwanamke atamaliza kugeuka.

Nilimuuliza baba kwa nini hawamuonyeshi uso. Alikuwa anapaka mafuta mashine, hakuniangalia. "Uso ukishauona, Hadija, woga unapata pa kukaa," alisema. "Unasema huyu mzee, huyu ana chunjua. Kiatu hakikwambii kitu." Nikatingisha kichwa kama mtu aliyeelewa, kazi niliyoijua vizuri tangu darasa la kwanza.

Nilichoelewa mwenyewe ni kitu kingine. Mjini siku hizo kulikuwa na vijana wa miwani myeusi, mashati ya maua na viatu vya soli ndefu, wanatembea kwenye magari ambayo namba zake huzikumbuki kwa sababu hukutaka kuzisoma. Walichukua watu. Wakipita, mama alinibana kichwa niangalie chini. Kila mtu aliangalia chini. Kwa hiyo vijana wale tuliwajua kwa viatu, sura zao hatuzijui. Ile kamera ilikuwa inaangalia hasa tunavyoangalia sisi. Ndiyo maana Bwaise nzima ilikuwa inashika pumzi kwenye ile ngazi, na Mzungu aliyeipiga picha ile hakujua hata kama sisi tupo.

Sasa mimi na udadisi wangu. Nilitaka kujua kinachonitisha ni jicho au ni sikio. Nikamsumbua baba siku tatu: zima sauti mara moja tu, tuone. Alikataa, akanicheka, na Jumamosi moja, nafikiri alikuwa amechoka na ule mkebe kuliko mimi, akageuza kitufe cha spika mpaka sauti ikaisha.

Bila sauti, ngazi ilikuwa ngazi. Viatu vilivyoshuka vilikuwa vya mtu anayeogopa kuteguka. Soli zile ndefu, goti linakunjwa, mguu unatafuta pa kukanyaga, alikuwa kuku anavuka matope ya Bwaise. Kwanza alicheka mtoto. Halafu sauti ya mwanaume kutoka mbele ikasema, taratibu kabisa, "Mpisheni jamani, huyo wa lile gari. Leo mkewe kamtuma maji."

Ukumbi ulipasuka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, watu walipiga viti, Mama Nuru aliingia kutoka nje kuuliza kuna nini akaanza kucheka kabla hajajibiwa. Nilicheka mpaka nikagonga paji la uso kwenye kidirisha. Nilipoangalia tena niliona wanaume wawili wa safu ya tatu wamesimama. Hawakuharakisha. Walitembea mpaka mlangoni, na kila mstari waliopita ulinyamaza. Baba alirudisha sauti. Kwa haraka alikipitiliza kitufe, kile kinanda kikatoka kwa kelele, na hakuna aliyecheka tena.

Baba hakulala nyumbani siku tatu, alilala kwa shemeji yake kule Kyebando. Jumanne akarudi ukumbini, akasema kama ni kuja wangeshakuja. Mchana ule alikuwa chini nyuma ya pazia la picha, anashona mahali palipochanika. Mimi nilikuwa juu nafuta vumbi, maana shule nilikuwa nimeipa likizo.

Nikasikia kiatu kwenye ngazi ya chuma. Ko. Kimya. Ko. Mtu anapanda kwa kusimama-simama, kama anayesikiliza nyuma yake. Mlango wetu ulikuwa na uwazi wa vidole vitatu chini, na pale kwenye uwazi vikaja viatu viwili vyeusi vya soli ndefu, vikasimama. Kitasa kikazunguka kidogo. Nilikuwa nimeiona picha hii zaidi ya mara thelathini. Safari hii mwanamke wa ndani ni mimi, na nilijua kabisa kosa la yule mwanamke: aligeuka. Nikasukuma komeo.

"Fundi yupo?" sauti ilinong'ona. "Fungua upesi."

Niliifanya sauti yangu nzito nikasema Fundi kaenda madukani Kikuubo kutafuta makaa ya taa, harudi mpaka jioni. Viatu vilikaa. Niliona kimoja kinasogea, kinarudi. Halafu vikashuka, polepole, vikipungua sauti mpaka vikapotea. Nilijiona mimi ndiye stelingi. Sikumwambia baba hata neno. Nilitaka nimwambie jioni mbele ya mama, wakati wa chakula, ili nisifiwe na watu wawili kwa pamoja.

Saa kumi walikuja watu watatu kwa mlango wa mbele, jua limewaka. Wamevaa ndala na suruali za kawaida. Mmoja alikuwa mnene wa kuchekacheka, alinunua kabalagala mbili kwa Mama Nuru akamwambia zimeiva vizuri. Walimsalimia baba kwa kumpa mkono. Redio ya duka la jirani ilikuwa inasoma salamu za harusi, fulani anamsalimu shangazi yake wa Masaka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nawaangalia nyuso, nyuso nzuri tu, na nilikuwa nangoja. Naona aibu kusema nilikuwa nangoja nini. Nilikuwa nangoja kinanda. Yule mnene alinishika bega, akanisogeza pembeni kwa upole ili baba apite kwenda kwenye gari.

Baba aliniangalia akasema, "Hadija, kazime ile taa, itaniunguzia filamu." Wakaondoka naye.

Usiku huohuo alikuja kwetu Afande Drani, jirani yetu, polisi kutoka Arua ambaye watoto tulimjua kwa buti za serikali na fulana iliyotoboka. Alikuwa amevaa shati la raia na viatu vyeusi vya soli ndefu, viatu vya mkwe wake. Alikaa kwenye mkeka, hakutaka chai. Alimwambia mama kwamba aliona jina la Fundi kwenye karatasi fulani kazini asubuhi, akaazima zile nguo ili wakimwona ukumbini wamdhanie ni mwenzao. "Nilifika mpaka mlangoni, shemeji," alisema. "Mtu wa ndani akaniambia yuko Kikuubo. Nimezunguka Kikuubo duka kwa duka." Mama aliniangalia. Mimi niliangalia viatu.

Mama hakuwahi kunisema. Afadhali angenipiga, kupigwa nilikuwa nakufahamu. Kwa wiki tano alizunguka kila ofisi iliyokuwa na mlango, na mimi nilikaa nyumbani nikiwaza jambo moja kwa kulizungusha: kama nisingejua sinema ningefungua. Halafu nawaza, kama ningefungua, na angekuwa kweli ni wao? Nikifika hapo naanza upya. Naweza kusema nimefika hapo na kuanza upya kwa miaka karibu hamsini.

Baba alirudi. Wengi hawakurudi, kwa hiyo nalisema hili kwa adabu. Aliletwa na lori la mkaa, amekonda, na sikio la kushoto halikusikia tena. Hakueleza, hatukuuliza. Kwenye ule ukumbi hakurudi, alitengeneza redio mpaka uzee wake, anaegemeza sikio la kulia kwenye spika kama mtu anayesikiliza mgonjwa.

Miaka ile ya mwisho alipokuwa kitandani nilikaa naye jioni moja nikamwambia yote. Komeo, Kikuubo, ile tamaa yangu ya kusifiwa, na kwamba kuzima sauti pia kulikuwa shauri langu. Nilipomaliza ndipo nikaona nimekaa kushoto kwake. Sijui kama nilikosea upande au niliuchagua. Baba akanipigapiga mkono mara mbili akasema anataka uji. Sikuhamia kulia kurudia. Nilikwenda kupika uji, nikauunguza.

Siku hizi wajukuu wangu wanaangalia sinema kwenye simu. Ikianza kutisha wanazima sauti wenyewe, wakishindwa kabisa wanasogeza kidole mpaka mwisho waone nani amekufa, halafu wanarudi mwanzo wakiwa wametulia, wanakula karanga. Nawaonea wivu kidogo. Wananigombeza kwa kitu kimoja tu. Mtu akibisha hodi, mimi nafungua. Sichungulii dirishani, siulizi nani, hata chini siangalii. Nafungua mlango wote na kumwangalia mtu usoni. Wiki iliyopita alikuwa kijana muuza vitasa. Mjukuu wangu mkubwa akasema, "Jjajja, ipo siku utafungulia mwizi."

Nikamwambia inawezekana kabisa. Nikamwambia yule kijana aingie, akae, anywe chai.