Baiskeli Isiyolala kwa Mwenyewe

Kaka yangu Eliamini alipanga mjini, Kimandolu, ghorofa ya pili, chumba kimoja na sebule ambayo mlango wake ukifunguliwa unagonga kochi. Ukikaa kwenye kochi hilo na kuinua macho uliona matairi. Baiskeli tano zilining'inia darini kwa kamba na kulabu, na dirisha likiwa wazi upepo wa mlimani uliingia ukayazungusha taratibu, tik, tik, tik, kama kitu kinachosali peke yake. Vivuli vya spoku vilitembea ukutani, vikapanda juu ya kalenda ya kanisa, vikashuka juu ya joho lake la kwaya lililotundikwa msumarini, vikarudi walikotoka.

Kazi yake ilikuwa kufunga dari kwenye nyumba za watu, kwa hiyo alijua mahali pa kuchomeka kulabu ikashika. Kila fremu aliizungushia magome makavu ya mgomba, kamba isije ikala rangi. Magome hayo aliyatoa nyumbani kwetu Nkoaranga. Nikiingia pale nilisikia harufu ya shambani, na kwa muda kidogo nilisahau kwamba nimepanda ngazi.

Baiskeli zilikuja moja moja. Ngazi za jengo lile ni nyembamba, na kilichoachwa chini usiku hakikukutwa asubuhi. Shamsudin, fundi cherehani wa chumba cha chini, alikuwa na watoto wanne katika chumba kimoja. Akapanda na baiskeli yake begani kuomba ilale juu usiku mmoja. Haikushuka tena ila kwa safari. Wengine wakasikia.

Mama Najat, mwenye nyumba, aliwahi kusimama mlangoni akaangalia juu, mkono kiunoni.

"Eliamini, mwanangu, aliyepanga hapa ni wewe au ni hizi?"

"Ni hizi, mama. Mimi nimekaribishwa tu."

"Basi waambie kodi ni tarehe moja."

Nami nilimtania. "Kaka, utaishia kuoa baiskeli."

"Nimeshaoa. Nasubiri tu mchungaji atangaze."

Nikimkuta njiani amepanda, kila mara ilikuwa baiskeli tofauti. Nikimuuliza leo amepanda ya nani, atasema, "Ya Shamsudin. Ilikuwa inalalamika kukaa." Siku nyingine nyekundu, siku nyingine ile ndefu yenye kengele. "Na yako?" nilimuuliza mara nyingi. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Yangu ipo."

Niliamini iko miongoni mwa zile tano. Sikuuliza zaidi.

Eliamini aliugua kifua akalazwa, na kabla hatujazoea kumwona kitandani, Bwana akamwita. Siku ya maziko mvua ilinyesha tangu alfajiri. Gari lililomtoa mochwari likakwama kwenye utelezi chini ya Nkoaranga, vijana wakalisukuma kwa mabega, na lilipofika kanisani jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mchungaji akasema haitawezekana kumpeleka nyumbani kwanza. Ibada ikasomwa, tukaenda kaburini moja kwa moja. Tulikuwa tumempangia alale usiku mmoja sebuleni kwa mama, tumwimbie, asubuhi ndipo aende. Hakulala.

Waombolezaji walipotawanyika tukamwambia mama arudi kitandani. Alikataa. Akabaki kwenye mkeka sebuleni, mahali palepale tulipokuwa tumepaacha wazi kwa ajili ya jeneza. Mifupa yake ni ya zamani, na baridi ya mlima inapanda kutoka sakafuni. Alianza kukohoa. Kikohozi kile nilikifahamu, nilikuwa nimekisikia wodini.

"Mama, utanifia na wewe."

"Niletee baiskeli yake," alisema. "Mwanangu hakulala kwangu. Basi kilichombeba kilale. Nikishaona kimelala nitaamka hapa."

Niliahidi. Nilidhani ni jambo la asubuhi moja.

Mama Najat alinipa funguo na pole, akanibana kifuani kwake. Mpangaji mwingine alikuwa anaingia Jumamosi, lakini alinieleza hilo akiwa ameangalia pembeni, kwa aibu. Nilipanda, nikafungua dirisha, nikasimama chini ya matairi yale. Yakaanza kuzunguka. Ipi? Nilizigusa zote, tandiko moja baada ya jingine, kama mtu anayepapasa vichwa vya watoto gizani. Zote zilikuwa zimefutwa vumbi kwa usawa, zimetiwa mafuta kwa usawa. Zote zilikuwa zimevishwa gome la mgomba.

Nikaomba Mungu anionyeshe, nikaketi kwenye kochi kungoja. Ilikuwa mchana, joto la bati la jirani liliingia dirishani, nikasinzia. Nikajiona ndani ya nyumba ya bibi, ile ya nyasi, ambamo ng'ombe walilala pamoja nasi, upande wao na upande wetu, boriti moja tu katikati. Kitanda cha Eliamini kilikuwa kimegusa boriti. Tangu mdogo hakupata usingizi mpaka apitishe mkono aulaze juu ya mgongo wa ng'ombe. Nikasikia pumzi zao. Nikahesabu migongo, nikaona ng'ombe wetu hayumo. Nilipoamka matairi yalikuwa bado yanazunguka, na uso wangu umelowa.

Wenyewe hawakuwa wamekuja kuzichukua tangu msiba. Nilimuuliza Shamsudin kwa nini.

"Dada, mtu anakwendaje kudai chuma mahali ambapo watu wanalia? Kaka yako mwenyewe alitufundisha. Alisema kwenu ng'ombe wa kuwekwa hagusiki mpaka familia ifungue mlango."

"Mlango nimeufungua."

"Basi tutakuja."

Wakaja. Shamsudin alichukua yake, akaacha mto wa kochi alioushona mwenyewe. Mwenye ndefu yenye kengele aliigonga kengele mara moja kabla hajashuka, akaziba mdomo kama aliyekosea kanisani. Nyekundu ikaenda, kisha na iliyokuwa juu ya mlango. Kila moja ilipoondoka sebule ilizidi kuwa kubwa, na mimi moyo wangu ulizidi kutulia, kwa sababu hesabu ilikuwa rahisi. Itakayobaki ndiyo yake.

Ilibaki ya bluu. Niliishusha kwa kamba, nikaifunga khanga ya mama niliyokuja nayo kwenye usukani, nikaiambia, "Twende nyumbani." Nilikuwa nimeifikisha kwenye ngazi niliposikia mtu anapanda mbio. Alikuwa mwanamke wa Kiarusha, amevaa sare ya usafi ya hoteli, jasho linamtoka. Aliiona baiskeli, akaniona mimi, akasimama.

"Pole sana, dada. Mimi ni Soila. Nimetoka zamu sasa hivi, ndiyo maana nimechelewa."

"Umechelewa nini?"

Aliiangalia khanga kwenye usukani.

"Hii ni ya marehemu," nilisema.

"Ni yangu, dada. Chini ya tandiko nimefunga shanga, angalia."

Niliinama. Shanga zilikuwepo, nyeupe na bluu. Nikakaa kwenye ngazi, nikalia kwa sauti, jambo ambalo hata kaburini sikulifanya. Soila akaketi pembeni yangu. Mama Najat alitoka mlangoni kwake na unga mikononi.

"Kuna nini? Mnagombania baiskeli kwenye ngazi zangu?"

"Dada alidhani yangu ni ya Eliamini," Soila alisema.

"Eliamini? Huyo hakuwa na baiskeli hapa hata siku moja. Mimi mwenyewe nilimcheka. Nikamwambia, wewe ni kama mpishi anayelala njaa."

"Akasemaje?" niliuliza.

"Akasema baba yenu alimfundisha. Mtu anayefuga za watu, yake hailali kwake."

Niliacha kulia. Maneno hayo yalikuwa ya baba, sauti yake kabisa. Kwetu watu walikuwa wakiwekeana ng'ombe. Wako analala kwa mwenzako, yeye anakamua maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe anabaki wako. Baba alitunza wa watu, na wetu alimpeleka kwingine. Alisema hivyo ndivyo nyumba mbili zinavyoshikana: ugonjwa ukiingia kwako, wako atapona kwa mwenzako. Na aliyewekewa hatangazi. Anangoja kuulizwa.

Nikampigia mama.

"Mama, ng'ombe wetu alikuwa analala kwa nani?"

Nilimsikia anakohoa, anapumua.

"Kwa Ezra," alisema polepole. "Kwa Ezra kule Songoro. Mungu wangu, mtoto huyu."

Soila alifungua khanga kwenye usukani, akaikunja, akaniwekea mapajani. "Nenda upesi," akasema. "Mimi nitafagia humo ndani. Ndiyo kazi ninayoijua."

Kesho yake nikapanda Songoro. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na nilitembea nikisikia maji ya mfereji bila kuyaona. Mlima wenyewe ulikuwa umejificha. Migomba ilitokea mmoja mmoja, ikanipisha, ikapotea nyuma yangu. Nilikuwa naimba moyoni wimbo wa kwaya yake, ile sauti ya chini aliyokuwa akiimba yeye, na sijui kwa nini nilihisi mtu ananitangulia hatua chache, akishika njia.

Mzee Ezra alikuwa nje ya jiko akikata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa." Alinitazama sana. "Nilikuwa Nkoaranga siku ile, nyuma kabisa, kwenye mvua. Nikasema watakuja wenyewe."

"Nimekuja kuuliza, baba. Kuna kitu cha kaka yangu kimelala hapa?"

Akaweka panga chini, kama aliyetua mzigo wa siku nyingi. "Kipo," alisema.

Jiko lake ni la zamani, nusu moto na nusu ng'ombe. Ndani mlikuwa na giza na moshi na joto la mnyama. Macho yalipozoea, nikaiona. Nyeusi, imesimama kando ya ng'ombe, imeegemea boriti, na gome la mgomba limezungushwa kwenye fremu kwa fundo ambalo ningelitambua popote. Ng'ombe alikuwa amelaza kidevu juu ya tandiko.

"Anaipenda," alisema Ezra. "Nimemkataza, hasikii."

Mkwewe, Agnela, akaingia na madumu mawili ya maziwa. Aliponitambua aliyaweka chini haraka. Kila asubuhi aliyafunga kwenye baiskeli ile akashuka nayo hadi wanakokusanya maziwa. Kabla ya hapo aliyabeba kichwani. Hakuniambia haya ili nimhurumie. Nilimuuliza, akajibu, kisha akaanza kufungua mipira iliyofungia madumu, mmoja mmoja, anaikunja vizuri.

"Ni haki yenu," alisema. "Tairi la nyuma nililibadilisha, mjue tu."

"Ingekuwa ng'ombe," Ezra alisema, "ningekudai ndama. Hii haizai hata kengele."

Tukacheka wote watatu, na Agnela akafuta macho kwa upande wa kiganja.

Niliisukuma kwa miguu hadi Nkoaranga. Sikuthubutu kuipanda. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea mwimo. Hakuigusa kwanza. Aliizunguka. Halafu akaenda shambani kwa hatua zake ndogo, akarudi na majani mabichi ya mgomba, akayatandika sebuleni pale penye mkeka wake, akasema, "Ilaze hapa." Jioni wachache wa jumuiya walikuja. Tuliimba nyimbo zote tulizokuwa tumempangia, na ule wa mwisho tuliurudia. Hakuna aliyeuliza kwa nini tunaimbia baiskeli. Mwokozi wetu mwenyewe alilazwa horini, na mchungaji hajawahi kuliona jambo hilo kuwa la aibu.

Walipoondoka, mama alipiga magoti, akapitisha mkono akaulaza juu ya tandiko, kama Eliamini alivyoulaza juu ya mgongo wa ng'ombe. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wa pili kwangu nimwinue.

"Nipeleke kitandani," akasema.

Asubuhi nilimkuta ameamka kabla yangu, amefunga kilemba, anachochea moto. Mlima ulikuwa wazi wote hadi kileleni. Baiskeli ilikuwa tayari nje, imeegeshwa kwenye mgomba, na tandiko lake lilikuwa limelowa umande.

"Umeitoa mwenyewe, mama?"

"Imeshalala. Irudishe Songoro, yule mkwe wa Ezra asije akabeba maziwa kichwani leo." Akapuliza moto, moshi ukamwingia machoni. "Na safari hii uipande. Kaka yako hakununua kitu cha kusukumwa."