Rangi ya Manjano Kwenye Ekseli

Wateja walimwita Mama Meno, na meno yake mwenyewe yalikuwa ya kawaida tu. Jina lilitokana na kazi. Mumewe ndiye aliyeshika spana na vivuta beringi, akafungua na kufunga ekseli za mbele. Mama Meno ndiye aliyesoma meno ya gia. Unayapaka rangi ya manjano ya kupimia, unazungusha kwa mkono, kisha unaangalia yameng'atana wapi. Yakikutana katikati, funga. Yakikutana ukingoni, anza upya. Hata fundi wa juzi huiona alama hiyo.

Mumewe aligongwa na lori mchana kweupe, mbele ya gereji yao, barabara imenyooka. Mtaa ukanong'ona kwamba aliliona akaingia makusudi, maana siku hizo yeye na mkewe walikuwa hawaongei vizuri. Mama Meno hakubisha. Tangu msiba ule usingizi ulimhama, na kila honi ya lori ilimshtua kama vile anaitwa yeye. Swali lake lilikuwa moja tu: aliliona, au hakuliona?

Sasa dereva wa pikapu alikuwa amesimama mlangoni analalamika. "Shikamoo, mama. Tangu marehemu aifunge ekseli hii, nikivutisha magurudumu ya mbele inanguruma vibaya. Na mimi naitumia kwenye matope tu, si unajua?"

Mama Meno alimwaga oili, akaitoa gia. Kwa kuwa ekseli ile haikuwa imefanya kazi sana, rangi ya marehemu ilikuwa bado ipo. Alama ilikaa ukingoni kabisa mwa meno. Akasogeza taa, akaangalia tena. Ukingoni. Mtu aliyerudia kazi mpaka wateja wakanuna, aliionaje alama hii akafunga?

Akaenda kabatini akatoa saa ya kupimia ulegevu wa gia, ile yenye mshale mwembamba kama unywele. Marehemu alikuwa ameiweka kando, akisema imekufa. Akaibana kwenye ekseli, akaitikisa gia. Mshale ukacheza vizuri tu.

Mama Meno akaketi pale pale sakafuni. Kumbe macho! Kumbe mumewe alikuwa haoni, akaificha siri hiyo hata kwake. Hakuliona lori. Hakuwa amemkimbia mkewe. Machozi yakamtoka, na moyo ukawa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu wamzike.

"Kuna nini, mama?" dereva akauliza.

"Ilifungwa vibaya. Naifunga upya."

Akachukua brashi aichovye kwenye rangi, akaiweka chini tena. Alikumbuka siku pikapu hii ilipokuwa juu ya jeki. Mumewe alikuwa ameinama hapa hapa, na brashi hii hii mkononi, akamwita kwa sauti ya chini isiyo na ugomvi: "Mke wangu, njoo unisomee."

Naye, kwa kisirani, alimjibu bila hata kugeuka: "Soma mwenyewe. Kwani huna macho?"