Kifua kimenijaa, shati likaniponza

Ndiyo, hili jicho nimepigwa. Na aliyenipiga ni mwembamba kama nilivyokuwa mimi zamani.

Si mnajua nilivyokuwa njiti? Nimekula ugali na mayai, nimenyanyua vyuma pale Buguruni, mpaka kifua kikaja.

Sasa leo Kariakoo jamaa kanikwapulia mikanda yangu ya kuuza. Zamani ningelia tu. Leo nikamkaba, watu wakatuzunguka.

"Rudisha mikanda, nitakuvunja."

"Nivunje basi, baunsa."

Nikamwachia, nikasema nivue shati kwanza, watu waone kazi.

Shati likanasa kifuani.

Mikono juu, kichwa ndani, sioni kitu.

Jamaa akanishushia ngumi ya pua, ya mbavu, ya jicho. Damu ikalowanisha shati. Nilipoanguka akanichapa na mkanda wangu mwenyewe, upande wa chuma.

Mama ntilie wa pale anacheka mpaka machozi: "We kaka, si ungemwacha mwenzio avue kwanza."

Mikanda kaondoka nayo yote.

Haya, kuna mwembamba humu anajua kupigana? Tufanye biashara. Mimi nakunenepesha, wewe unanifundisha ngumi. Ila jicho la kushoto usiguse, ndilo nililobaki nalo.